Mtoto Asiyesema Apewe Njia ya Kusema

Katika somo la leo tutajifunza juu ya hali iitwayo usonji. Tutaona pia jinsi picha, simu na vishikwambi vinavyoweza kumsaidia mtoto mwenye hali hiyo darasani. Soma polepole. Kama mnasoma katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwisho yapo maswali ya kujadili.

USONJI NI NINI?

Usonji ni hali ya ubongo. Huanza mapema sana, wakati ubongo wa mtoto unapojengeka, na mtu huishi nayo maisha yake yote. Si ugonjwa wa kuambukiza. Mtoto mwenye usonji huona, husikia na huhisi mambo kwa namna iliyo tofauti na wenzake.

Dalili nyingi huanza kuonekana kabla mtoto hajatimiza miaka 3. Ukimwita jina lake, hageuki. Ukimwonyesha ng'ombe kwa kidole, hatazami unakoonyesha. Wengine hawasemi kabisa. Wengine husema, lakini hurudisha maneno ya mwenzao kama mwangwi. Unamwuliza, "Unataka uji?" Naye anajibu, "Unataka uji?" Wengi hupenda mambo yaende vile vile kila siku. Ukibadili njia ya kwenda kisimani, mtoto analia na kujitupa chini. Wapo wanaopunga mikono, na wapo wanaoweza kupanga mawe mstari mmoja kutwa nzima bila kuchoka.

Kuna jambo moja ambalo sisi wa Rungwe inatupasa tulielewe vizuri zaidi ya watu wa mikoa mingine. Watoto wengi wenye usonji huumizwa na sauti kubwa. Kwetu mvua ni nyingi, na madarasa yetu yameezekwa kwa mabati. Mvua ikishuka kutoka Mlima Rungwe, mwalimu mwenyewe hasikiki. Watoto wengine hucheka tu. Lakini mtoto mwenye usonji huziba masikio, hupiga kelele, au hukimbia nje na kuingia katika mashamba ya chai. Watu husema amepandwa na shetani. Hakuna shetani hapo. Masikio yake yanateseka.

Watoto hawa hawafanani. Yupo anayehitaji msaada hata wa kuvaa nguo, na yupo anayewashinda wenzake katika hesabu lakini hawezi kusalimiana na mtu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, kijiji chenye watu 2,500 kinaweza kuwa na watu kama 20 wa namna hii. Pengine katika kijiji chenu hamjui hata mmoja. Basi ulizeni wako wapi.

USONJI HAULETWI NA NINI?

Usonji hauletwi na laana ya ukoo. Hauletwi na uchawi wa jirani. Wala si kosa la mama. Zamani hata madaktari wengine wa Ulaya na Marekani waliwalaumu akina mama, wakidai kuwa usonji hutokea kwa sababu mama hampendi mtoto wake. Utafiti umeonyesha kuwa madai hayo ni ya uongo. Sasa inajulikana kuwa sehemu kubwa inatokana na maumbile ambayo mtoto huyarithi, pamoja na mambo mengine ambayo wataalamu bado wanayachunguza.

Chanjo nayo haileti usonji. Mwaka 1998 daktari mmoja wa Uingereza aliandika katika jarida la udaktari kwamba chanjo ya surua inahusiana na usonji. Maneno yake yalienea duniani kote, na wazazi wengine wakaacha kuchanja watoto. Baadaye iligundulika kuwa kazi yake haikuwa ya kweli. Mwaka 2010 jarida lile lilifuta makala yake, na katika mwaka huo huo daktari huyo alifutiwa leseni. Mpeleke mtoto akachanjwe. Surua inaua.

Hakuna dawa ya kuondoa usonji, iwe ya hospitali au ya miti. Mtu akikuahidi kuuondoa kwa mbuzi wawili au kwa fedha ya mavuno ya chai, anakula mali yako bure. Lakini kuna mambo yanayoweza kutibiwa, na kwa hiyo ni lazima mtoto apimwe. Baadhi ya watoto wenye usonji wana kifafa pia, na kifafa kina dawa. Mtoto mwingine hageuki akiitwa kwa sababu hasikii vizuri, wala hana usonji. Kwa hiyo anza na kupimwa masikio. Nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ueleze yote unayoyaona. Wahudumu watakuelekeza Hospitali ya Wilaya iliyopo Makandana, Tukuyu, na ikibidi, Hospitali ya Rufaa ya Kanda iliyopo Mbeya.

HATARI YA KUTOKUWA NA NJIA YA KUSEMA

Fikiri kidogo. Jino linakuuma usiku kucha, na huna neno hata moja la kumwambia mtu. Utafanya nini? Utajipiga kichwa ukutani. Utamwuma anayekushika. Watoto wengi wanaoitwa wakorofi wanafanya hivyo kwa sababu wana maumivu, njaa, hofu au uchovu, na hawana njia ya kueleza. Mtoto wa namna hiyo akidhulumiwa na mtu mzima, hawezi kusema. Akipotea njia ya mto Kiwira, hawezi kujitaja jina. Baadhi ya wazazi humfungia ndani. Hawafanyi hivyo kwa ukatili. Wanaogopa. Lakini mtoto aliyefungiwa hajifunzi kitu, na mzazi naye hawezi kwenda shamba.

Kutosema si kutoelewa. Mtoto huyu anaweza kuelewa mambo mengi anayoyaona kuliko tunavyodhani. Wengi wao hujifunza vizuri zaidi kwa macho. Neno likisemwa hupotea hewani mara moja. Picha hubaki mbele yake, naye huweza kuitazama mpaka aelewe.

KUSEMA KWA PICHA

Mwaka 1985 wataalamu wawili wa Marekani, Andy Bondy na Lori Frost, walianza kuwafundisha watoto wasiosema njia ya kubadilishana picha. Mtoto anatoa picha, anapewa kitu. Njia hii imeenea katika nchi nyingi kwa sababu haihitaji mashine. Hapa kwetu inaweza kufanyika kwa boksi la sabuni, mkasi na kalamu.

Kata kadi ndogo zinazotosha kiganja cha mtoto. Chora kitu kimoja tu katika kila kadi, au bandika picha yake. Anza na kitu anachokipenda sana. Tuseme ni ndizi mbivu. Funika kadi kwa nailoni ya kufunikia daftari, kwani kwa unyevu wa huku kadi isiyofunikwa haimalizi wiki.

Sasa watu wawili wasaidiane. Mama anakaa mbele ya mtoto, ameshika ndizi. Kadi iko chini, katikati yao. Dada anakaa nyuma ya mtoto. Mtoto akinyoosha mkono kuchukua ndizi, dada asiseme neno. Amshike mkono taratibu, amsaidie kuokota kadi na kuiweka katika kiganja cha mama. Hapo hapo mama aseme, "Ndizi!" na ampe kipande. Kipande kiwe kidogo, ili atake tena. Rudieni mara kumi, kumi na tano. Siku zinazofuata, dada apunguze msaada kidogo kidogo, mpaka mtoto aokote kadi mwenyewe. Baadaye mama asogee mbali, ili mtoto amfuate na kadi yake. Kisha wekeni kadi mbili, achague.

Usianze kwa kumwuliza, "Unataka nini?" Ukimwuliza kila mara, atazoea kungoja aulizwe. Na katika majuma ya mwanzo, kila akitoa kadi, apewe anachoomba. Hapo anajifunza jambo kubwa kuliko ndizi. Anajifunza kwamba akisema, watu husikia. Kadi ya "subiri" itakuja baadaye.

Watu wengi huishia kwenye kadi za chakula. Kwa maoni yangu kadi tatu zinazofuata zina thamani zaidi. Ya kwanza ni "choo". Ya pili ni "naumwa", yenye mchoro wa mwili mzima, ili aonyeshe kwa kidole mahali panapouma. Ya tatu ni "sitaki". Wazazi wengine hawaipendi hii ya tatu, wakiona kuwa inamfundisha mtoto ubishi. Lakini mtoto anayeweza kusema "sitaki" kwa kadi hana haja ya kuuma.

Darasani picha hufanya kazi nyingine, nayo ni kuonyesha ratiba. Mwalimu hufunga kamba ukutani na kubana picha kwa vibanio vya nguo, moja baada ya nyingine. Salamu, kusoma, uji, mchezo, choo, kwenda nyumbani. Kila shughuli ikiisha, mtoto hugeuza picha yake. Sasa anajua kinachofuata, na hofu inapungua. Mvua ikizuia mchezo, mwalimu asinyamaze. Aondoe picha ya mchezo mapema, abane picha ya mvua na picha ya shughuli nyingine, na amwonyeshe mtoto kabla saa haijafika.

KISHIKWAMBI DARASANI

Kishikwambi ni chombo kama simu pana, kinachoendeshwa kwa kugusa kioo. Wengi wetu tulikiona mikononi mwa makarani wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Baada ya sensa, serikali iligawa vishikwambi kwa walimu wa shule za umma. Kwa hiyo chombo hiki si kigeni tena shuleni.

Je, mtoto wa kijijini anaweza kukitumia? Jambo hilo lilijaribiwa mkoani Tanga. Kuanzia mwaka 2017 hadi 2019, watoto wa vijiji vipatavyo 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, vikachajiwa kwa umeme wa jua. Wengi wa watoto hao walikuwa hawajawahi kwenda shule, na karibu wote hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma ilipungua sana. Jaribio lile halikuwa la watoto wenye usonji, na tusilitumie kudai kisichothibitishwa. Lakini lilionyesha kuwa mtoto wa kijiji kisicho na umeme hujifunza kugusa kioo haraka.

Kwa mtoto mwenye usonji, kazi ya kwanza ya kishikwambi ni kuwa mdomo wake. Mwalimu hupiga picha za vitu vyenyewe anavyovijua mtoto, kama kikombe chake cha bluu, mlango wa choo cha shule, au bibi yake. Kisha hurekodi sauti. Mtoto akigusa kikombe, chombo kinasema, "Naomba maji." Sauti inaweza kuwa ya kaka yake. Kama nyumbani wanasema Kinyakyusa, irekodiwe "ndaga" pamoja na "asante", kwa kuwa mtoto ana watu wa kuzungumza nao katika lugha zote mbili. Kazi hii haihitaji intaneti. Simu ya kawaida ya kugusa, hata iliyochakaa, inaitosha.

Kazi ya pili ni kuonyesha jinsi jambo linavyofanyika. Mwalimu huchukua picha za video za dakika moja za mwanafunzi mwingine akinawa mikono, kwa ruhusa ya wazazi wake. Anafungua bomba, anapaka sabuni, anasugua, anasuuza. Mtoto hutazama mara nyingi apendavyo, kisha hujaribu. Video haichoki wala haikasiriki ikirudiwa mara ya ishirini.

Kazi ya tatu ni saa. Chombo huonyesha muda unavyopungua, na mtoto huona mwenyewe kuwa kipindi kinakaribia kwisha.

Hata hivyo kishikwambi kina matatizo yake. Mtoto anaweza kukimbilia katuni na kukataa kitu kingine chochote. Mwalimu anaweza kukifunga kibaki ukurasa mmoja tu, na ni vema chombo cha kusemea kisitumiwe kuonyeshea katuni. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku. Ushauri huo ni juu ya kukaa na kutazama. Mtoto anayebonyeza "naumwa" anazungumza, na asinyang'anywe chombo kwa kuwa saa imepita. Sauti iwe ya chini. Picha zisihamishwe mahali pake kila siku, kwani mtoto hukumbuka mahali ilipo picha kama wewe unavyokumbuka mlango wa nyumba yako. Na picha za mtoto mwenyewe zisitumwe ovyo kwenye simu za watu.

Halafu kuna suala la chaji. Umeme hukatika. Umeme wa jua nao hupungua wakati wa masika, tunapokaa siku nyingi bila kuliona jua. Siku hiyo mtoto asibaki bubu. Kadi za boksi ziwe kwenye mkoba wake siku zote, zenye picha zile zile zilizomo katika kishikwambi.

MAZUNGUMZO YA BIBI NA MWALIMU

Huu ni mfano wa mazungumzo yanayoweza kutokea katika shule yoyote.

Mwalimu: Shikamoo, bibi.

Bibi: Marahaba, mwanangu. Nimemleta mjukuu wangu. Lakini nina neno. Wanasema mnawafundisha kwa picha. Je, akizoea picha, si hatasema tena kwa mdomo?

Mwalimu: Bibi, wengi huuliza hivyo. Watafiti wamelichunguza jambo hilo. Wameona kuwa picha na vishikwambi havizuii mtoto kusema. Baadhi ya watoto huongeza maneno, kwa sababu kila wakitoa picha husikia neno lake.

Bibi: Huyu wangu atasema?

Mwalimu: Hilo siwezi kukuahidi, bibi. Wapo wanaosema baadaye, na wapo wasiosema. Ninachotaka mimi ni kwamba hata asiposema kwa mdomo, akiumwa tumbo tujue siku hiyo hiyo.

Bibi: Na mimi nyumbani nifanye nini? Hicho chombo sikijui.

Mwalimu: Nitakupa kadi kumi kama zile za hapa. Jikoni ziwe hizo hizo. Akikuletea kadi ya maji, acha unachofanya, sema "maji", mpe. Kama hapa anasikilizwa kwa kadi na nyumbani hasikilizwi, ataziacha. Wewe nawe niambie, anaogopa nini?

Bibi: Mvua juu ya bati, mwanangu. Hapo hashikiki.

Mwalimu: Basi tutamtafutia vikinga masikio, kama vile wanavyovaa wapasua mbao wa mashine. Na tutamchorea kadi ya "kelele", aweze kuomba kutoka.

DARASA LENYE WATOTO WENGI

Msomaji atauliza, mwalimu mwenye watoto 80 atapata wapi nafasi ya kufanya haya yote? Ni swali la haki. Kishikwambi hakipunguzi watoto darasani, wala hakimgeuzi mwalimu kuwa na mikono minne. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kusikiliza redio na kujadili. Redio ilifundisha, lakini redio haikuchimba choo hata kimoja. Watu ndio waliochimba. Na hapa pia chombo kinahitaji watu.

Mwanafunzi anayeketi karibu anaweza kufundishwa kupokea kadi. Watoto hujifunza jambo hili haraka kuliko watu wazima, na mara nyingi hulifanya kama mchezo. Mzazi mmoja anaweza kuja asubuhi mbili kwa juma kutengeneza kadi. Walimu wa elimu maalumu hufundishwa katika Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Kama shule yenu haina mwalimu wa namna hiyo, mwalimu mkuu na kamati ya shule waende pamoja kwa Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri. Wamweleze idadi ya watoto na umri wao, kwa maandishi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma kama watoto wengine, kwa hiyo mzazi anayekwenda kumwandikisha haendi kuomba hisani.

MASWALI YA KUJADILI

Katika kitongoji chenu, ni watoto gani waliofikia umri wa shule lakini hawaonekani shuleni, na nani ataitembelea nyumba yao juma hili? Mtoto asiyesema akipotea leo jioni, watu wa kijiji wangemtambuaje, na angebeba nini mwilini cha kuwaonyesha? Chukueni boksi moja tupu na kalamu. Mkiwa na nafasi ya kadi kumi tu, mtachora nini, na kwa nini?